Kasuku Asiyekula Peke Yake

Katika jengo alimoishi kila mtu alimwita Bi Simu, naye aliitikia bila kinyongo. Alikuwa opereta wa simu wa hospitali kuu tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa kichwani. Kutwa alikaa kwenye kichumba kisicho na dirisha akiunganisha watu: mke anayemtafuta mumewe wodini, daktari anayehitajika chumba cha upasuaji, mtoto anayeuliza kama mama ameshaamka. Hospitali ilipoweka mashine ya kusema bonyeza moja, bonyeza mbili, wenzake walimkatia keki, wakampa saa ya ukutani, naye akarudi nyumbani akafunga mlango. Tangu hapo siku nzima iliweza kupita asitoe neno kinywani, isipokuwa salamu kwa muuza mboga.

Mumewe alikuwa amefariki zamani, na mtoto hawakujaaliwa. Kupika alikuacha polepole, leo kidogo na kesho kidogo, hata asijue aliacha lini. Alikula amesimama kando ya jiko: kipande cha mkate, chai, akijitahidi sana yai. Kuchafua sufuria kwa ajili ya tumbo moja aliona ni kujichosha bure. Meza ya kulia ilishageuka kabati, imebeba pasi, nguo zisizokunjwa na vikorokoro ambavyo hakuwa na moyo wa kuvitupa.

Chini kabisa ya jengo palikuwa na duka la kinyozi. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mkono wake haujaanza kutetemeka japo alikuwa amekula chumvi nyingi. Humo dukani aliishi kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Mteja. Kinyozi alipenda kueleza kwamba huyo ndiye mteja pekee aliyeshinda kitini tangu asubuhi na hajanyolewa hata mara moja. Kasuku alijua lugha ya kazi. Mlango ukifunguka tu, "Anayefuata!" Mtu akijitikisa kitini, "Tulia, nisikukate." Watu walimpenda, na mapenzi yao yote yalikuwa ya kumlisha: huyu karanga, yule biskuti, mwingine mbegu za alizeti mfuko mzima.

Bi Simu na kinyozi walikuwa majirani wa salamu tu. Kisha mzee akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, binti yake anayeishi mji mwingine alikuja kumchukua akamtunze kwake. Lakini mtoto wa binti huyo alikuwa na pumu, na vumbi la manyoya lilimbana kifua. Kasuku akawa hana pa kwenda. Siku ya safari, kinyozi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliomba aitiwe yule mama wa ghorofa ya pili.

"Bi Simu," alisema, "mimi na wewe hatujuani sana. Ila nimekuangalia kwa miaka, sijasikia ukigombana na mtu. Nichukulie huyu."

Bi Simu alitaka kukataa. Ulimi ambao kazini haukuwahi kumkatalia mtu ukamwangusha.

"Anakula nini?" aliuliza.

"Anachotaka yeye," alijibu kinyozi.

Alichotaka yeye ni mbegu za alizeti na karanga, basi. Bi Simu alimjazia bakuli kila asubuhi, naye akazichambua na kutapakaza maganda hadi chini ya kitanda. Tundu lake lilikaa kwenye kona ya sebule, karibu na dirisha, na ndege alitazama nje akisubiri mlango ufunguke. Haukufunguka. Wiki za mwanzo alipiga kelele zake zote za dukani, baadaye akapunguza, mwishowe akanyamaza. Manyoya yakapoteza mng'ao, akaanza kujinyonyoa kifuani, na akipanda kijiti tu alihema kama aliyepanda ngazi na mzigo. Bi Simu akamfunika khanga, akampeleka kwa daktari wa wanyama.

Daktari, mwanamke mwenye mikono mipole, alimshika, akampapasa kifua, akamtazama mdomo na kucha.

"Amenenepa na ana njaa, vyote kwa pamoja," alisema.

Akaeleza kwamba alizeti na karanga ni mafuta matupu. Ini limeanza kuelemewa, na manyoya hayapati cha kuyaotesha. Akamwonya asimnyime ghafla, maana ndege mbishi anaweza kufa njaa na chakula kiko mbele yake. Apunguze mbegu kidogo kidogo, ampime kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni, na ampe vitu vilivyochemshwa bila chumvi: boga, karoti, mchicha, mahindi, maharage. Parachichi asithubutu, hilo kwake ni sumu.

Kumbe kusema ni rahisi. Siku ya kwanza Mteja aliitazama karoti kama mtu aliyeletewa kiatu cha mwenzake. Siku ya pili aliishika kwa mguu, akaiangusha chini makusudi, akainama kuona imeangukia wapi. Boga alilitupia ukutani. Mchicha aliutumia kupangusia mdomo. Bi Simu alijaribu kukata nyembamba, kukata nene, kuning'iniza kwa kamba, kuficha mahindi chini ya mbegu. Ndege alizitoa mbegu moja baada ya moja, hakugusa punje hata moja ya mahindi, kisha akamgeuzia mgongo.

Kila alasiri kinyozi alipiga simu. Maneno yake yalikuwa yale yale, Mteja anakula? Na Bi Simu, akiwa na kitambaa mkononi cha kufutia boga ukutani, alimjibu kwa sauti yake laini ya kazini kwamba anakula vizuri, leo amemaliza bakuli. Alijua ni uongo. Lakini mzee alikuwa mbali, hawezi kusimama, na habari mbaya ingemsaidia nini?

Alipoona mizani imeshuka kuliko ilivyotakiwa, akampigia daktari, roho juu. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo Bi Simu hakulitarajia.

"Na wewe, mama, unakula wapi?"

"Jikoni."

"Umekaa?"

"Nasimama tu. Si chakula cha kukalia."

"Hawa ni ndege wa kundi," daktari alisema. "Wakiwa porini mmoja hashuki chini kula kama wenzake hawali. Kwa kinyozi alizungukwa na watu wanaotafuna. Kwako kundi lake ni wewe."

Siku iliyofuata Bi Simu aliondoa pasi mezani. Alikunja nguo zote, akapangusa vumbi, akavuta kiti. Alichemsha boga, mahindi na maharage kwa ajili ya wawili, akapakua sahani mbili, akamtoa Mteja tunduni na kumweka juu ya mgongo wa kiti cha pili. Kisha akakaa. Alijisikia mpumbavu, mtu mzima na mvi zake, anakula boga lisilo na chumvi mbele ya ndege. Isitoshe, kiti kile cha pili alikuwa hajakitazama kwa muda mrefu. Alitia kijiko mdomoni, akatafuna, na kwa ushauri wa daktari akasifu kwa sauti. Sauti ilimtoka imekwaruza. Akakohoa, akasifu tena.

Mteja alimkodolea jicho moja, akageuza kichwa, akamkodolea la pili. Hakula. Kesho yake hakula. Bi Simu aliendelea, kwanza kwa ajili ya ndege, kisha kwa sababu tumbo lake lilianza kukumbuka chakula cha moto na kukidai. Ikafika siku alikuwa anatafuna mahindi, mawazo yakiwa mbali, akasikia kucha zikikwaruza meza. Mteja alikuwa ameshuka. Aliipita sahani yake kana kwamba haipo, akapanda ukingo wa sahani ya Bi Simu, akachagua punje moja, akaipasua, akaimeza. Akachukua nyingine. Bi Simu hakuthubutu hata kuhema. Alibaki na kijiko hewani mpaka mkono ukauma.

Alasiri hiyo simu ilipolia alimwambia mzee ukweli wote, kwamba siku zote zile alikuwa anamdanganya, na kwamba leo tu ndipo ndege amekula.

"Nilijua," kinyozi alisema. "Mteja hajamaliza bakuli tangu azaliwe." Akacheka kidogo. "Amekula kutoka sahani yako?"

"Sahani yangu. Yake ameidharau."

"Ah," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetazama kitu kwa mbali.

Siku chache baadaye aliyepiga simu alikuwa binti, kutoka kazini kwake. Alimwamkia kwa heshima, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema baba amemsimulia habari za ndege, naye anataka kujua alimfanyaje hasa. Kisha akasema lililomleta. Baba hali. Asubuhi wote hutoka, wao kazini na mtoto shuleni. Wanamwachia chakula mezani kimefunikwa. Wakirudi jioni wanakikuta kilivyo. Leo atasema meno, kesho atasema chumvi haikukolea, keshokutwa ataapa kwamba alikula. Suruali zinampwaya.

"Mama, mimi siwezi kuacha kazi," binti alisema. "Sijui nimfanyeje."

Bi Simu alimjibu kwamba hata yeye hajui, ila anaweza kujaribu.

Mchana uliofuata, mapema kuliko kawaida, yeye ndiye aliyepiga. Alimwambia kinyozi avute kiti mpaka mezani, aiegemeze simu kwenye glasi, awashe spika, afunue sahani.

"Kuna nini sahanini?"

"Wali na samaki. Sina hamu."

"Sijauliza hamu, mzee. Nimeuliza kilichopo. Mimi nina maharage na karoti, na huyu bwana yuko hapa ananitazama. Nikianza, naye anaanza. Sasa tukusubiri sote wawili?"

Mteja, aliposikia ile sauti ikitoka kwenye simu, aliganda. Akaisogelea, akaizunguka, akachungulia nyuma yake kumtafuta mtu. Hakumkuta. Akasimama katikati ya meza, akapaza sauti, "Anayefuata!"

Upande wa pili Bi Simu akasikia kijiko kikigonga sahani, mara moja, na baada ya muda mara ya pili.

Ikawa hivyo kila mchana. Hawakuwa na mengi ya kuambiana. Mzee alisimulia vichwa alivyonyoa, nani alikuwa na kovu kisogoni, nani alisinzia kitini akakoroma. Bi Simu alieleza sauti alizozijua bila kuziona sura. Siku nyingine hawakusema kitu, walisikilizana wakitafuna tu. Maisha yake yote Bi Simu alikuwa ameunganisha watu wawili kisha akajitoa kwenye laini. Sasa hapakuwa na mtu wa kumkabidhi, na mwanzoni hilo lilimtia aibu, kama aliyebaki sebuleni wageni wakiwa na siri zao. Alizoea. Mteja akaota manyoya mapya kifuani. Karoti aliikubali kwa shingo upande. Daktari alimpima, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema mbegu chache jioni zinatosha.

Kisha ikaja mvua, na baridi, na kifua cha mzee kikashikwa. Alipokea simu akikohoa, akala vijiko viwili, akaomba radhi. Kesho yake akala kimoja. Siku iliyofuata Bi Simu alipopiga alijibiwa na mashine, mteja wa nambari hiyo hapatikani kwa sasa. Alimtazama kasuku mezani. Akapiga tena, akajibiwa vile vile. Jioni binti akapiga, na kabla hajasema neno Bi Simu alikuwa ameshaelewa. Kazini alizipokea simu nyingi za namna hiyo, alijua zinavyoanza. Baba alikuwa amelala mchana, hakuamka.

Mazishini hakuweza kwenda. Palikuwa mbali, na ndege hakuwa na wa kuachiwa. Kesho yake alipika kama kawaida, akaiweka simu pale pale mezani bila kujua kwa nini, wakakaa. Mteja alizunguka simu, akairudia, akaigonga kwa mdomo. Hakuna aliyekula, si ndege si mtu. Bi Simu alifunika sahani zote mbili, akaenda kulala jua lingali juu. Kilichomtoa kitandani siku ya tatu ni mizani ya jikoni. Ndege alikuwa amepungua. Akachukua kijiko, akala boga huku machozi yakimtiririka, akilisifu kwa sauti.

Binti alikuja baadaye kuondoa vitu vya dukani, kisha akapanda ngazi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu asingeuliza ni mtoto wa nani. Bi Simu akampakulia, wakakaa mezani watatu. Wakaanza kula. Ghafla Mteja, aliyekuwa anamtazama mgeni kwa jicho moja, akasema kwa sauti ya kinyozi yenyewe, neno ambalo Bi Simu hakuwahi kulisikia kwake:

"Inamisha kichwa kidogo, mama."

Binti, uma mkononi, akainamisha kichwa. Akabaki hivyo, shingo imelegea, kama mtoto kwenye kiti cha baba yake. Bi Simu akainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba, akakawia jikoni.

Binti hakukaa sana. Ilimbidi aoge na kubadili nguo kabla ya kumkumbatia mwanawe mwenye pumu. Aliahidi atapiga simu, na alipiga, mwanzoni mara nyingi, halafu kwa nadra, kama ilivyo kwa watu wenye kazi na watoto. Bi Simu hakumwekea kinyongo. Dukani akaingia fundi cherehani, na mlio wa mashine yake ukawa unapanda ukutani kutwa.

Mchana Bi Simu hupakua sahani mbili. Mteja huanza na mahindi, karoti huiacha mwisho, akitumaini itasahaulika. Wakimaliza, Bi Simu huosha vyombo, huvipanga, hurudi kukaa karibu na dirisha, na mchana bado ni mrefu.