Chuo Kisicho na Watani

Mkuu wa chuo chetu cha ualimu alikuwa Mwingereza, na mambo ya masomo na maisha ya wanachuo aliniachia mimi, makamu wake. Ilikuwa Temeke, zama za ukoloni, nami nilikuwa Mwafrika wa kwanza pale kupewa cheo hicho. Nilijiona. Nilisimama ukumbini nikatangaza ndoto yangu: chuo kitakuwa nyumba moja, mwalimu, mwanafunzi na mpishi watakula pamoja, na hakuna atakayetajiwa kabila lake. Walinipigia makofi, kichwa kikavimba.

Juma lilelile nikapita jikoni. Mpishi wetu alikuwa Mzaramo wa hapohapo, na mtunza stoo Mnyamwezi.

"Mtumwa wangu, wali haujaiva tu?" Mnyamwezi alikuwa akimwuliza.

"Nyamaza weye! Ulikuja pwani na pembe la ndovu begani, leo wajifanya mwungwana?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Mimi niliona aibu. Mtumwa! Ndani ya nyumba yangu moja! Mimi ni mtu wa milimani, na utani wa Wazaramo na Wanyamwezi niliujua kwa kuusikia tu. Nikawaita wote wawili, nikawaambia atakayetaja tena utumwa au kabila atafute kazi kwingine.

"Sawa, Mwalimu," wakajibu. Tangu hapo jiko likawa kimya, nami nikauita ukimya ule heshima.

Baada ya miezi michache mke wa mpishi akafariki kwa homa. Tulikwenda msibani chuo kizima, kwa miguu, katikati ya mikorosho. Mungu anisamehe, njiani nilikuwa na furaha. Nilitazama nyuma nikaona walimu, wanafunzi na wafagiaji wakifuatana, nikajisifu moyoni.

Mpishi hakuutazama umati wetu. Alikuwa akimtazama Mnyamwezi wake. Mzee mmoja wa mtaa, niliyekaa naye mkekani, alishangaa.

"Yule si mtani? Mbona kakaa kama mgeni?" Ndipo akanieleza kazi ya mtani msibani: kulia kwa mzaha, kumwiga marehemu, kujitupa kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, ili mfiwa acheke kidogo apate pumzi.

Pale makaburini Mnyamwezi alisimama ukingoni mwa shimo, akaniangalia mimi. Alikuwa akiomba ruhusa, nami nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Kutikisa kichwa tu kungetosha. Lakini wanafunzi wangu walikuwa wamenizunguka, nikawaza, kesho nitawaambia nini? Nikainamisha uso kama mtu aliyezama katika dua. Niliona haya kwa dua ile ya uongo hata kabla mchanga haujaanza kumwagwa.

Tulipomaliza kuzika nilimshika mpishi mkono, nikampa pole kwa niaba ya chuo.

"Nimeshapoa, Mwalimu. Mmekuja wengi, ahsanteni." Akamtupia jicho mwenzake, aliyekuwa akikung'uta udongo mikononi. "Ila marehemu alikuwa akiniuliza kila mara, 'Siku nikifa, huyo Mnyamwezi wako ataniigaje ninavyokugombeza?' Alikuwa akicheka peke yake. Mie nikamwambia, ngoja, utamsikia mwenyewe."