Usinga wa Mfalme Kwenye Mbio za Kijiti

"Kapteni, kweli hukuona kwamba ule ni usinga?" msichana wa kidato cha kwanza alimuuliza. Kapteni wa riadha alicheka tu. Ukimnyooshea kiganja, hata kwa utani, anakuwekea chochote alichoshika: chaki, karanga, kipande cha sabuni. Siku ya fainali alitoka mbio kwenye sherehe ya Chama cha Kiswahili, joho la mfalme wa igizo likipepea. Akapokea kijiti kwa mkono wa kushoto, akampa mkimbiaji wa mwisho usinga uliokuwa mkono wa kulia. Yule akafika wa kwanza akiupunga, waamuzi wakaifuta timu, kombe likaondoka. Kapteni alirudi kuitembelea shule msichana akiwa kidato cha nne, ndipo akamjibu:

"Niliuona, mdogo wangu. Lakini mwenzangu ameshanyoosha mkono, sasa nimwambie asubiri nichague?"