Baridi Tatu za Binti Mkazaki

Mara ya kwanza kumwona nilidhani kaangusha hereni. Nimetoka chumbani asubuhi, hoteli yetu ya pale Xiaobei, nakuta binti kainama kwenye korido, mgongo umelala kama meza, mkono mmoja kaukunja nyuma. Anasukuma mguu huku, anasukuma mguu kule, anakwenda upande kama kaa. Na mimi nikainama nimsaidie. Tumekwenda hivyo wote wawili mpaka mwisho wa korido, macho chini, ndipo akanigeukia akacheka, nikajua hakuna kilichopotea.

Mwaka ule Waingereza walikuwa ndiyo kwanza wamewarudishia Wachina Hong Kong yao, na sisi wa Dar tunaofuata mzigo Guangzhou tulikuwa wachache, tunajuana wote. Mimi nachukua midoli na vikorokoro vya maduka ya mtaa wa Yide Lu. Yule binti alikuja na mama yake kutoka Kazakistani. Usiniulize iko wapi, nilioneshwa kwenye ramani kidole kikachoka njiani. Waislamu lakini, kwa hiyo salamu tuliitikiana wenyewe. Yaliyobaki tulimwachia ajenti wetu wa kago, Mzanzibari aliyesomea Urusi enzi zile wanapelekwa bure. Kirusi chake kilikuwa kimelala miaka mingi, hao wawili wakakiamsha.

Mama mtu alikuwa mwanamke mpana, koti la ngozi kwenye joto la pale, anafuata majaketi. Sauti yake inatoka kifuani, nzito, kama utingo anayelirudisha lori nyuma: "Hop. Hop. Hop." Binti alikuwa na sauti ndogo, anameza nusu ya maneno. Mimi aliniita apa. Ajenti akasema kwao ndivyo anavyoitwa mama mkubwa, nikakubali cheo.

"Yule hukimbia juu ya barafu, bi mkubwa," ajenti akanieleza, na ile midomo yake ya Kizanzibari kama ana pipi mdomoni. "Viatu vya visu. Mbio fupi, kiwanja kidogo, wanazunguka. Wala hakuna kila mtu na njia yake, wanabanana wote pamoja."

"Kama foleni ya unga wakati wa mgao."

"Naam. Lakini na visu."

Habari yake yote niliipata kwenye ngazi za hoteli, jioni, binti akipaka gundi kwenye ncha za vidole vya glovu yake ya kushoto. Gundi ikikauka inakuwa ngumu kama kucha, maana kwenye kona mkono huo ndio unaogusa barafu. Baba yake alimpeleka mtoni akiwa mdogo, mto umeganda, akateleza mbali mpaka baba akaogopa. Kocha mmoja akampenda kwa mapaja yale. Akaingia timu ya vijana. Halafu ile nchi yao kubwa, wao na Warusi, ikavunjika, kiwanja kikakatiwa umeme, barafu ikayeyuka humohumo ndani, wakawa wanafanyia mazoezi kwenye ngazi za majumba ya watu. Sasa umeme umerudi, na timu ya taifa inachagua wakimbiaji. Binti anataka kwenda. Mama hataki.

"Mimi mgongo umekwisha," mama akasema. "Huyu ana nguvu za ng'ombe, anazipeleka kuzunguka maji yaliyoganda. Akae kibandani kwetu sokoni, abebe marobota."

Nikamuuliza ajenti: "Huyu mama kamwona mwanawe akikimbia?"

Hajamwona hata siku moja. Mashindano Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ya soko.

"Mwambie, mfanyabiashara gani anakataa mzigo hajaufungua?"

Ajenti akatafsiri. Mama akanipima kama anavyopima ngozi. Mwisho akasema: "Haya. Nioneshwe. Akishinda, aende. Akishindwa, basi, kibandani."

Kulikuwa na jengo la maduka, chini kabisa wameweka kiwanja cha barafu, watoto wa matajiri wanakwenda kuangukia humo. Kocha wa pale Mchina wa kaskazini, kwenye baridi. Alitazama viatu vya binti kabla ya kumtazama uso. Visu havikukaa katikati ya soli, vimesogezwa kushoto, maana wao wanazungukia kushoto tu maisha yao yote. "Hao, hao," akasema kwa Kichina chake, ndiyo kusema sawa, akawatoa watoto, akaita vijana wake wanne. Mizunguko kumi, wao na binti.

Mimi nimevaa soksi jozi mbili, kanga kichwani, kanga kiunoni, na meno yanagongana. Kocha akapiga filimbi.

Vijana wakaruka. Binti akafuata nyuma. Mzunguko wa kwanza, wa mwisho. Wa pili, wa mwisho. Kafunga mikono mgongoni, kama mke wa waziri anakagua maonesho.

"Tazama," mama akanguruma. Ajenti ananipa sikioni: "Anasema tazama." Hilo hata mimi nilikuwa nimelielewa.

Mzunguko wa sita, bado yuko nyuma. Mama akakusanya mifuko yake. "Nimeona. Twende."

Nikamshika koti. Uso wa binti nilikuwa nautazama mimi, na haukuwa uso wa mtu anayeshindwa. Uso ule naujua. Ndio ninaouvaa kule sokoni, ghorofa ya tatu, laoban, yule bosi wa duka, akinitajia bei na mimi nikaanza kutazama feni.

"Mwambie akae. Mwanawe hajataja bei bado."

"Bi mkubwa, hilo nitalisemaje kwa Kirusi?"

"Utajua mwenyewe. Si ndicho ulichosomea?"

Sijui alisema nini, lakini mama alikaa. Na hapo binti akalala kwenye kona. Kalala kabisa, mkono wa kushoto unapapasa barafu kama anajaribu kitambaa, akampita mmoja kwa ndani. Kona nyingine, wa pili. Wawili waliobaki wakaanza kusukumana wao kwa wao, wakaacha upenyo ambao mimi singepitisha hata mkoba, naye akapita. Mmoja akaenda kukumbatia magodoro ya ukutani. Mwingine akakimbizana naye mpaka mstarini, binti akatanguliza kisu cha mguu, kamshinda kwa urefu wa kisu hicho.

Binti alipokuja anahema, mama akamuuliza: "Kwa nini hukutangulia tangu mwanzo?"

"Anayetangulia anakata upepo kwa ajili ya wote. Anachoka."

"Kwa hiyo ulikuwa unapumzika."

"Nilikuwa nawachagua."

Nikadhani yamekwisha. Wapi. Mama akajifuta pua, akaanza: hawa watoto wa dukani, huo si ushindi mzima, anampa baridi moja tu, msimu mmoja wa barafu, kisha arudi kibandani. Binti akasema nne. Mama akashika kifua kama kaibiwa. Moja na nusu. Nne. Ajenti jasho linamtoka kwenye barafu. Mimi nikamfinya binti, nikamwoneshea mlango kwa macho. Akanielewa, si alikuwa ameshinda sokoni na sisi siku zote zile. Akaning'iniza viatu begani, akaondoka taratibu, bila kugeuka.

Alifika karibu na duka la saa.

"Hop," mama akaita. "Rudi. Tatu."

Wakashikana mikono. Mchujo wa timu alipita, na timuni alikaa zaidi ya hizo baridi tatu. Mama kila msimu alikuja na habari, leo kaanguka nchi fulani, leo kavunjika mkono, leo katanguliziwa kisu akashindwa kwa kisu. Medali kubwa hakuwahi kuvaa. Siku hizi anafundisha watoto kuinama.

Lakini siku ile tulirudi Xiaobei, marobota ya majaketi yamejaa mlangoni yanasubiri gari la bandarini Huangpu. Binti akayapita, kidevu juu. Mama akamshika mkono.

"Baridi ni zako," akamwambia. "Leo ni joto. Beba."