Moduli ya Ilmo na Kahawa ya Hilja

Nikikwambia Ilmo Räihä ni mkimya, usidhani ni ukimya wa watu wa kawaida. Miaka kumi na moja tumekaa jengo moja hapa Kuopio, Ufini, na maneno yote aliyonipa yanatosha kufungwa kwenye kitambaa cha pua. Naapa, jogoo wa shemeji yangu alikufa akimngoja amalize sentensi.

Kazi yake ni kutunza programu huria, ile ambayo watu wa dunia nzima huandika pamoja na kuigawa bure. Yao husaidia wasioona: maneno ya kompyuta hugeuka vinundu kwenye kifaa, mtu akasoma kwa vidole. Kila aina ya kifaa ina kipande chake cha programu, wenyewe wanaita moduli. Kifaa kikizeeka, moduli yake hubaki kama viatu vya marehemu: havivaliwi na mtu, na bado lazima uvipanguse.

Basi Ilmo akaamua kupunguza. Utaratibu wao ni wa haki: unaweka tangazo, unangoja miezi sita, na akitokea mtu mmoja tu akasema anaitumia, moduli inabaki. Akalitangaza kila mahali, hata ndani ya programu yenyewe, kwa maandishi mekundu juu kabisa ya kioo. Hakujibu mtu. Na kwetu asiyesema amekubali. Miezi sita ikatimia, na mwezi wa Februari akafuta moduli saba, akajipikia supu ya samaki.

Wiki ya Pasaka, zamu ya wanawake kwenye sauna ya jengo, kile chumba cha mvuke wa moto, nilikaa benchi la juu na Hilja Tuovila wa ghorofa ya chini. Hilja haoni tangu utotoni. Nikamkaribisha kwangu kwa kahawa.

"Nimeacha kahawa, Aune."

Nusura nianguke juu ya mawe ya moto. Kwetu hata maiti huinua kichwa harufu ya kahawa ikipita!

"Unaumwa?"

"Nimejihukumu. Februari nilidondoshea kahawa kifaa changu cha kusomea, tone moja tu. Kesho yake vinundu havikuinuka tena. Miaka ishirini na tisa nimesoma nacho. Barua zote za marehemu dada yangu zimo humo kwenye kompyuta. Nimekiua kwa ulafi wangu."

Asubuhi nikamkamata Ilmo kwenye ngazi. "We kijana, si unajua kompyuta? Kamtazamie Hilja kifaa chake, kile kikuukuu cha kijivu. Kimezima tangu Februari, naye anasema amekiua kwa tone la kahawa."

Akakaa kwenye ngazi kama gunia la viazi.

"Bibi, si kahawa. Ni mimi." Akanieleza yote. "Niliweka tangazo jekundu. La kutazama kwa macho. Kwa watu wasioona."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

"Nitairudisha," akasema. "Kitafufuka chenyewe, wala hatajua."

"Na hiyo kesi ya kahawa? Umwachie aende nayo kaburini?"

Akainuka. Kisha akashuka, nami nikamfuata. Mlangoni kwa Hilja aliinua mkono mara tatu ndipo akagonga.

"Nani?"

"Ilmo. Wa ghorofa iliyo juu yako."

"Yule wa kusalimia 'hei' tu na kupita? Kumbe una jina!"

Akasema yote palepale mlangoni, bila kujitetea, hata tangazo jekundu. Hilja alisikiliza mpaka mwisho.

"Miezi miwili," akasema. "Chai ya mnanaa, Ilmo. Mnanaa! Na kila usiku namwomba radhi dada yangu kwa kosa lako."

Akaenda jikoni, akachemsha kahawa nzito, akamimina vikombe viwili: chake na changu. "Wewe utakunywa siku nitakayosoma."

Siku tisa Ilmo hakugusa kahawa, hata kwa mama yake mzazi. Siku ya kumi akaja kwa Hilja, akawasha kifaa. Vinundu vikainuka. Hilja akapitisha vidole, akasoma kwa sauti tangazo lile lile, safari hii kwa vinundu: "Moduli hii itafutwa. Je, kuna anayeitumia?"

"Mimi!" akapiga kelele. "Mimi hapa, chini ya sakafu yako!"

Akafungua barua ya kwanza ya dada yake, akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akammiminia Ilmo kikombe. Ilmo akakishika kwa mikono miwili, akimtazama anavyosoma, mpaka kahawa ikapoa.

"Kunywa basi," Hilja akasema bila kuinua vidole. "Au mmoja wetu lazima awe anajinyima?"