Walivyoniaga Kwenda Makka

Siku mtaa mzima ulipokusanyika kuniaga nakwenda Hija, mwenzenu nilikuwa nimeshapangiwa kukatwa tumbo Dar es Salaam.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Ubani unafuka, masheikh wamekaa kwenye jamvi, biriani iko motoni, na hujaji mwenyewe hana hata pasipoti.

Ngojeni nianze mwanzo, msije mkaniona tapeli.

Naitwa Sabra, wa Makorora, Tanga. Kazi yangu upishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, ukiniita nakuja na masufuria yangu. Na mwili nilikuwa nao, sifichi. Ndio uliokuwa bango langu la biashara, maana watu wa kwetu hawamwamini mpishi mwembamba. Wanasema huyo mwenyewe hakipendi anachokipika.

Lakini bango likaanza kunielemea.

Sukari ikapanda. Magoti yakagoma. Nikilala nakata pumzi, mpaka mume wangu Mselem anaamka kunitikisa. Maskini wa Mungu alikuwa hapati usingizi, kila saa ananisikiliza kama bado nipo.

Tukaenda Dar kwa daktari mmoja, Fanueli, mtu wa kuchekacheka sana. Akasema dawa peke yake hazitanitosha. Atanipunguza mfuko wa chakula, ubaki mwembamba kama ndizi.

"Utalala kwa dawa, mama. Ukiamka tumeshamaliza."

"Na nisipoamka?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Akanipa masharti. Wiki mbili kabla, vya maji tu: uji mwepesi, maziwa, supu ya kuchuja. Kila asubuhi nitembee, nivute pumzi ndefu.

"Na usinidanganye," akasema. "Ukila wali na nyama, ini linavimba, linaniziba njia. Sikupasui. Unarudi Tanga na tumbo lako."

Hilo la mwisho lishikeni, litakuja kuwa na kazi.

Mimi na Mselem tukakubaliana asijue mtu. Hasa mama yake.

Mavyaa wangu, Bi Zuwena, anakaa Pangani. Zamani alikuwa na mwili kunishinda mimi. Mwaka juzi akaenda Umra, akarudi amepukutika. Tangu hapo anakula kwenye kisahani cha chai. Vijiko vitatu, alhamdulillahi, anasogeza.

Watu wakasema mtu akishaiona Kaaba, dunia haimshughulishi tena. Wakamwita Hajati.

Sasa mama wa namna hiyo nimwambie nini? Kwamba mimi nimeshindwa kufunga mdomo mpaka nakwenda kufungwa na daktari? Thubutu!

Basi nikabaki na siri yangu, na siri ikazaa hofu.

Jamani, niliogopa. Nikiosha vyombo nawaza nani ataniosha mimi. Nikifungua kabati naona doti ya khanga mpya, machozi yananitoka, nasema hii sasa ataivaa nani. Mselem akaniambia, "Ivae basi leo." Nikamnunia siku nzima.

Mtu anayewaza kufa kwetu anafanya nini? Anaomba radhi.

Nikaanza na Praxeda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, wazazi wake walikuja Tanga kukata mkonge.

"Praxeda, kama nimewahi kukukosea, uniwie radhi."

Akanitazama. Akaingia ndani. Akatoka na mwiko wangu mkubwa wa pilau, uliopotea kwenye kipaimara cha mwanawe.

"Na wewe unisamehe mie," akasema.

Nikaenda nyumba ya pili. Nikaondoka na sinia. Nyumba ya tatu, mfuniko wa sufuria niliokuwa nimeshausahau. Mpaka naumaliza mtaa, vyombo vyote vilivyowahi kunipotea kwenye shughuli vilikuwa vimerudi. Mashoga zangu, kama umeibiwa, kaombe radhi!

Asubuhi navaa dera jeupe na raba, nakwenda uwanja wa shule. Nazunguka. Mdomoni nahesabu pumzi taratibu kama nilivyofundishwa.

Kumbe Hasina ananichungulia. Huyu ni msusi, barazani kwake habari inasukwa pamoja na nywele.

Hasina akaona: Sabra hali chakula. Sabra anaomba radhi nyumba kwa nyumba. Sabra kavaa nyeupe, anazunguka, midomo inacheza. Na mwezi ni Mfungo Pili, wakati mahujaji wanaagwa.

Akamvizia Mselem.

"Shemeji, mwenzio ana safari?"

Mume wangu hajui kudanganya. "Anayo."

"Ya kheri?"

"Ya kheri, inshaallah."

"Unakwenda naye?"

"Nakwenda naye."

Ikawa imetoka hiyo. Kufika magharibi, mlango wangu umejaa watu. Huyu anataka nimwombee mume, yule niombee kesi yake ya kiwanja kule Nguvumali iishe. Praxeda naye akasema nimletee tende, kwani tende zina dini?

Nikafungua mdomo niseme jamani siendi huko.

Kikatoka, "Mniombee nirudi salama."

Wakaitikia wote, amin.

Kusema kweli ile amin iliniingia moyoni. Nilikuwa nina hofu ya peke yangu kwa siku nyingi, na sasa watu arobaini wananiombea uhai. Nikajikausha. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, mara nasikia mtaa umechangishana kuniandalia dua.

Wakanikataza kugusa sufuria siku hiyo. Hujaji hapiki. Kazi akapewa Nasri, mpinzani wangu, mtu anayemwaga iliki kama anafukuza nzi.

Mavyaa akaja na gari la asubuhi kutoka Pangani na madafu yake kwenye kikapu. Nikampokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia juu hadi chini. Akatazama navyovuta pumzi.

Dua ikasomwa. Sheikh Uweso akainua mikono, "Ya Rabbi, mja wako Sabra umpeleke salama, umrudishe salama." Mwenzenu nikalia mpaka kamasi. Wakasema ni shauku ya Makka.

Halafu biriani ikaja.

Nimekaa siku kumi na uji. Sinia limewekwa mbele yangu, mchuzi unang'aa, nyama imelainika. Iliki ilikuwa imezidi, lakini siku ile ningekula hata iliki tupu.

Ndipo likanijia wazo, nadhani shetani ndiye aliyelileta. Nikila, ini linavimba. Ini likivimba, daktari hanipasui. Asiponipasua, sifi! Narudi nyumbani, magoti yangu, sukari yangu, maisha yanaendelea.

Nikanawa. Nikafinyanga tonge kubwa. Nikalipeleka mdomoni.

Mkono ukadakwa.

"Weka chini," alisema mavyaa, sauti ndogo. "Nyanyuka. Nifuate uani."

Uani akanisimamisha kando ya pipa la maji.

"Umebakiza siku ngapi?"

"Za kwenda Makka, mama?"

"Usinichezee weye. Za kisu."

Yeye akatazama huku, akatazama kule, akapandisha blauzi. Tumboni nikaona vialama vitano vidogo, kama mtu aliyedonolewa na kuku.

"Daktari wako nani?" akauliza.

"Fanueli."

"Bado anachekacheka?"

Nikakaa kwenye ndoo.

"Mama... na ile Umra?"

"Mie nilisema neno? Wifi yako Mastura alisema mama kasafiri, mkamalizia wenyewe. Nashuka stendi niko mwembamba, naona watu wanipokea kwa kaswida! Ningewaambia nini?"

"Na zile tende ulizotugawia?"

"Kariakoo."

"Mama!"

"Tende ni tende. Tena dhamiri ilinisuta, mwaka jana nikaenda Umra ya kweli, nikatubu kule kule. Lakini nitaaga vipi nami nilishaagwa? Nikawaambia nakwenda kwa Mastura." Akashusha blauzi kwa hasira. "Nimeiona Kaaba kwa macho yangu, na hapajatokea hata mmoja wa kunipa hongera."

Nikacheka nikashika mbavu. Kicheko kikageuka kilio.

"Mama, naogopa kufa."

Akachutama mbele yangu. Hajawahi kunichutamia.

"Najua. Nimekuona unavyovuta pumzi, vile vile nilivyofundishwa mie. Hata mie niliogopa, tena niliogopa peke yangu, kwa sababu ya aibu ya bure. Nilizinduka nasikia kiu, basi. Weye hutaingia peke yako, nakwenda nawe. Lakini rudi ndani ukawaambie. Mficha uchi hazai."

"Na yako nayo niseme?"

"Yangu niachie!"

Nikarudi. Nikamwomba Sheikh Uweso kipaza sauti.

"Jamani, siendi Makka. Naumwa. Nakwenda Dar kupunguzwa mfuko wa chakula, na ninaogopa. Sikuwadanganya kwa kusema, nimewadanganya kwa kunyamaza. Mniwie radhi."

Kijiko kikadondoka mahali.

Hasina akasimama. "Na kule kuzunguka uwanja?"

"Mazoezi ya magoti."

"Nyeupe je?"

"Dera ndilo lililonitosha."

Mtu mmoja akacheka, ikawa mtaa mzima. Sheikh Uweso akasubiri wamalize, akasema, "Tumeomba apelekwe salama na arudi salama. Mungu anajua anakokwenda. Leteni sinia hilo huku."

Praxeda akauliza kama mwiko sasa anaweza kuuchukua tena. Nikamwambia aukome.

Siku ya siku ikafika. Niko kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, nimevalishwa gauni la nyuma wazi. Mselem kashika mkono huu, mavyaa kashika ule. Hofu imerudi yote. Nilikuwa nakaribia kuruka nikimbie hivyo hivyo, nyuma wazi.

Daktari Fanueli akatokea. Akapita kwangu kama hanioni, mikono ameitandaza.

"Bi Zuwena! Mgonjwa wangu! Unaendeleaje na kale katumbo?"

Mselem akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akamtazama daktari.

"Mama," akasema taratibu, "katumbo gani?"

Mavyaa akatazama dari. "Mwanangu, hospitali si mahali pa kuulizana maswali."

Jamani, nilicheka! Nilicheka kitanda kikatikisika. Manesi wakanisukuma nikiwa nacheka, mlango ukafungwa nikiwa nacheka, na kitu cha mwisho nilichosikia kabla ya dawa kunichukua ni sauti ya Mselem huko nje, "Kwa hiyo tende zile...?"

Nikazinduka. Nikaona uso wa mavyaa umeniinamia.

"Unasikia nini?"

"Kiu."

"Si nilikwambia?" Akageuka pembeni haraka, akajifuta macho na ncha ya mtandio. Nilimuona, ingawa mpaka leo anakataa.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nipasuliwe. Napanda ngazi. Nalala, na Mselem analala. Kazi bado ninayo, maana waliokula biriani ya Nasri siku ile hawakuhitaji bango. Nikienda Pangani tunakula mavyaa na mimi, visahani viwili vya chai, mkeka mmoja.

Nilichojifunza: ogopa, hakuna ubaya, lakini usiogope peke yako. Kama una kisu mbele yako, mwambie mtu. Huenda anayekutisha kuliko wote ana vialama vitano chini ya blauzi.

Hadithi hii nimeiandika kwa ruhusa ya Bi Zuwena. Kanipa sharti moja tu, nanyi wa Makorora mnaosoma nawaomba mlitekeleze.

Mkikutana naye, mpeni hongera yake ya Umra.