Pua ya Kiwanda cha Minofu

Kiwandani walimwita Pua, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na babake. Hakuna mnofu wa samaki uliotoka chumba cha ubaridi kabla hajaunusa.

Zamani kazi ilikuwa na mashahidi. Samaki alilala mzima kwenye barafu ya kusaga, jicho linang'aa, matamvua mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi. Kisha bosi akaleta mashine ya kufunga minofu kwenye mifuko iliyonyonywa hewa, akajigamba kwamba sasa samaki atakaa kwenye friji mara mbili ya zamani. Sawa. Lakini mnofu hauna jicho wala matamvua. Ukifungua mfuko kuupima, shahidi aliyebaki ni harufu.

Na harufu ndiyo ambayo Pua alikuwa haisikii tena. Mafua makali yalikuwa yameondoka nayo kama mgeni anayeondoka na taulo.

Akaigiza. Alifumba macho, akavuta pumzi kama mtu wa sala, akatoa hukumu. Aliyemgundua ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mfungaji mifuko.

"Shemeji," akamnong'oneza, "huu hata nzi ameusalimia kwa mbali. Wewe unasema safi?"

Pua akamwangukia: watoto wanasoma, akifukuzwa watakula nini? Wakapatana kwamba mnofu ukiwa mbovu, shemeji akohoe. Mambo yakanyooka. Bosi akamsifu Pua mbele ya wageni, huku shemeji akikohoa pembeni hadi wenzake wakamshauri akapimwe kifua. Sifa zote zilikwenda kwa Pua. Shemeji akabaki na pole.

Asubuhi moja friji ikakutwa imezima, mifuko imepata joto, na wanunuzi wa hoteli wako mlangoni. Pua akafungua mfuko, akanusa, akasubiri kikohozi. Kimya. Akamtupia shemeji jicho. Shemeji alikuwa anajikuna shingo.

"Safi," akasema Pua.

"Bosi," shemeji akasema kwa upole, "mimi naona huu umeoza."

Bosi akainama kuunusa, akarudi nyuma kama aliyezabwa kofi.

Pua alitolewa kabla ya chai. Kiti chake kilipata mwenyewe siku hiyo hiyo, na ni nani tena kama si shemeji. Jioni alimsimulia mkewe yote, akitegemea atamlaani mdogo wake. Mke akaendelea kumenya vitunguu.

"Angalau mshahara haujatoka kwenye familia," akasema. "Kesho nitamwomba akutafutie kazi ya kuosha makreti. Na wewe usimnunie."