Kikombe cha Zainabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vyeupe. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimepangiwa Mtawanya, na nilidhani bwana afya ni mtu wa kukaa mezani na kuandika. Bwana afya ndivyo walivyotuita sote, wanaume kwa wanawake. Mie nilipolalamika wakanipunguzia, wakaniita Bi Afya, na jina hilo limenishika mpaka leo nimestaafu. Nadhani wako majirani zangu wasiojua jingine.

Mkubwa wangu, Afisa Afya wa Kata, alikuwa mzee mfupi wa Kindengereko, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliviangalia viatu vyangu, akanipa fimbo yenye ncha ya chuma na kunipitisha nyumba kwa nyumba. Kazi ilikuwa ukaguzi: choo, shimo la taka, kichanja cha kuanikia vyombo. Ukikuta kasoro unaandika notisi, yaani karatasi ya kumpa mwenye nyumba muda wa kurekebisha kabla hajachukuliwa hatua. Kwenye nyumba moja niliona chungu kilichotoboka, kimelala nyuma ya jiko, nikaanza kukisukuma kwa fimbo kuelekea shimoni. Mzee akanizuia. Akamwita mama mwenye nyumba, akamuuliza chungu kile ni cha nini. Kumbe kuku wake ndimo anamotagia.

"Bi mdogo," akaniambia tulipotoka pale, "kitu kikichakaa bado kina mwenyewe. Uliza kwanza, ndipo uzoe."

Mie nilicheka moyoni. Kazi yote ile imetukalia mbele, halafu tuanze kuhojiana habari za vyungu! Lakini yeye alikuwa haendi hatua bila kuuliza, na katika kata nzima hapakuwa na mtu aliyemfungia mlango. Niliondoka kwake viatu vikiwa rangi ya udongo na hodi nimeshajua kuipiga.

Kutoka hapo nilihamishiwa Mbuchi, huko deltani. Mbuchi taka zinakuja na maji. Chupa, kandambili, nyavu zilizochanika, vyote vinasombwa na mto, vinanasa kwenye mizizi ya mikoko na kuingia mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Nilijifunza kupanga usafi kwa kufuata maji. Bamvua likipita, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, unangoja yapwe, kisha unaingia na watu wako matopeni mpaka magotini. Watu wangu walikuwa kina mama wa pale, wake wa wavuvi na wakata mikoko. Hawakulipwa na mtu. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa zahanati na bosi wangu wakati ule, aliniuliza siku moja nawapa nini hata waniitikie vile. Nikamjibu nawapa salamu. Alidhani namtania, lakini ndiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa naamka mapema kupita kuwajulia hali, mgonjwa namjua, mzazi namjua, aliyenuniana na mumewe namjua. Mtu ukimjua hivyo, ukimwita kwenye tope anakuja.

Basi nikaletwa Kibiti mjini, na huko ndiko kwenye habari niliyotaka kuwasimulia, ninyi mnaoanza kujitolea siku hizi na fulana zenu za kufanana.

Kibiti iko barabarani. Mabasi ya kusini yanasimama, abiria wanakula, na walichomaliza kinatoka dirishani. Nyuma ya kituo chetu cha mabasi palikuwa na makaburi ya zamani. Tulikuwa na kizimba, lile banda la matofali la kukusanyia taka kabla ya kuzipeleka dampo, lakini kikijaa kinakaa siku nyingi bila kuzolewa. Wenye migahawa wakachoka kungoja, wakaanza kutupa pembezoni mwa makaburi. Mmoja akitupa, wa pili anaona pameruhusiwa. Niliandika notisi, nikabandika mabango, nikakamata watu kwa masikio yao. Wapi! Lundo likazidi kusogea, likaingia mpaka katikati ya wafu.

Aliyenisaidia alikuwa Shomari, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Kwa asili ni wa hapahapa, ila amekulia Dar es Salaam, kwa hiyo alikuwa na maneno mengi na miguu haitulii. Alikuja na wenzake siku moja akaniambia, "Bi Afya, tunakaa hapa kila siku na harufu hii, tunaonekana kama na sisi ni sehemu ya jalala. Tupe reki." Kina mama wa kituoni nao wakajiunga. Chai ya wote ilitoka kwa Bi Somoe, muuza vitumbua, mama mtu mzima, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alikuwa anamkaripia Shomari kwa kuvaa suruali iliyoshuka, halafu anamwongezea kitumbua.

Tulipanga siku kubwa ya usafi mwishoni mwa Shaabani, kabla ya mfungo, wakati ambao watu wa huku hupalilia makaburi ya jamaa zao. Tuligawana sehemu. Mie na kina mama tulishika upande wa kituo, kwenye lundo lenyewe. Shomari na vijana wake wakashika upande wa chini, kwenye mikorosho. Wakafyeka kwa makwanja, wakazoa, wakajaza viroba, guta la matairi matatu likawa linakwenda dampo na kurudi. Kufikia adhuhuri Mtendaji wa Kata alipita, akasifu sana. Akasema viroba vichomwe kesho yake asubuhi, maana alikuwa anatarajia mgeni kutoka wilayani. Shomari alinijia jasho linamtiririka, meno yote nje. "Bi Afya, kule chini tumepasafisha mpaka panang'aa." Na kweli palikuwa panang'aa.

Baada ya alasiri Bi Somoe aliosha sufuria zake, akajitanda khanga, akaenda chini kwenye mikorosho. Alikuwa akienda mara kwa mara, na hatukuwa na desturi ya kumuuliza. Alikaa kidogo tu, akarudi. Alisimama mbele yetu, mimi na Shomari, mikono imemning'inia.

"Mmenisafishia mpaka mwanangu," akasema.

Nilielewa pale pale, na kosa lilikuwa langu, sikuwaonya vijana. Huku kwetu wazee hawakujengea makaburi kwa saruji. Waliweka juu yake chombo alichotumia marehemu: bakuli, sahani, kibatari, chupa. Ndiyo alama. Kwa asiyejua, kaburi la namna hiyo ni tuta dogo lenye chombo kibovu juu yake, na kwa kuwa migahawa nayo ilikuwa imetupa vyombo vyake vilivyovunjika mle mle, Shomari hakuwa na namna ya kutofautisha. Alizoa vyote.

Bi Somoe alikuwa na mtoto mmoja maishani mwake, Zainabu. Homa ilimchukua akiwa bado mdogo, hata kuchanganya maneno hajaacha. Siku ya maziko, kama mjuavyo, wanawake hubaki nyumbani. Kaburi alikuja kuonyeshwa na mumewe baadaye, na hapo ndipo alipoweka kikombe cha bati cha buluu, mkono wake umepinda, alichokuwa akinywea uji Zainabu. Miaka yote ile alikwenda moja kwa moja kwenye kikombe. Matuta mengine hakuyatazama. Na mumewe ndiyo keshafariki, amezikwa kwao Ngorongo.

"Nimeshawaambia watu nikifa wanilaze hapa na mwanangu," alisema Bi Somoe. "Sasa watanilaza pembeni ya nani?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angetutukana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mie nimezaa, nilishindwa kumwangalia usoni. Shomari alikuwa ameshika reki kama mtu aliyepewa mtoto na hajui kumbeba. Hakujitetea hata kwa neno moja, na toka siku ile nilimpenda.

Nilikwenda kwa Mtendaji kumwomba viroba visichomwe. Alikuwa mtu wa bara, mwenye haraka, na mwanzoni hakunielewa. Alinieleza habari za mgeni, nikamweleza habari za Zainabu. Akauliza kama ni kweli nataka dampo lisimame kwa ajili ya kikombe cha bati. Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya hicho hicho. Akafuta uso kwa leso. "Kwetu hatuna desturi hii, Bi Afya," akasema mwishowe, "lakini mama ni mama. Tafuteni. Mgeni nitazungumza naye mimi."

Asubuhi vijana wa bodaboda hawakupakia abiria. Walikwenda dampo, wakamwaga kiroba kimoja kimoja, wakachambua kwa mikono yale waliyoyazoa kwa reki. Habari ikaenea. Kina mama wakaja makaburini, wengine kwa hasira, wakakuta turubai limetandikwa na vyombo vimepangwa juu yake vimeoshwa. Hasira zikaisha pale. Huyu akashika bakuli la maua akaliweka kifuani, yule akasema kibatari kile ni cha babu yake, aliyekuwa haogopi kitu isipokuwa giza. Maalim wa msikiti hakuwa shabiki wa mambo ya vyombo juu ya kaburi, lakini alikuja na fimbo yake, akasema alama ni alama, akawasomea dua.

Kuvirudisha ndiko kulikokuwa kazi. Hakuna mtu aliyejua makaburi yote, ila kila mmoja alijua lake na la jirani. Mmoja alijua mama yake yu miguuni pa mzee fulani, mwingine alikumbuka kuwa akija hupita kwanza kwa shangazi ndipo afike kwa mumewe. Hivyo hivyo, wakibishana na kusahihishana, wakaenda wakiweka. Kikombe cha buluu hakikuonekana. Labda mwokota vyuma chakavu aliwahi kukichukua, Mungu ndiye ajuaye. Jua likapanda, turubai likabaki na vyombo vya migahawa tu, na kina mama wakaanza kumwangalia Bi Somoe kwa huruma.

Ndipo nikaona, na nadhani sote tuliona kwa pamoja. Matuta yasiyo na kitu yalibaki matatu. Mawili yalikuwa marefu, ya watu wazima. Fupi lilikuwa moja, la mwisho kwenye safu, limebanana na shina la mkorosho.

Bi Somoe alilisogelea, akapiga magoti, akalaza kiganja juu ya udongo. "Ndiye," akasema. "Hata kitandani alikuwa anapenda kulala ukutani." Akalia, na sisi tukalia naye, Mtendaji akiwa kasimama nyuma yetu na mgeni wake.

Mngedhani yameisha. Shomari hakuyamaliza. Miezi kadhaa baadaye alikuwa bado akipita dampo kila alipopata nafasi, anapekua. Nilimwambia aache, akasema sawa, na hakuacha. Siku moja akaja mbio na kikombe cha bati cha buluu, kimepondekapondeka, akamkabidhi Bi Somoe kwa mikono miwili. Mama akakigeuzageuza. Mkono wa kikombe kile ulikuwa umenyooka. Akamtazama Shomari, akasema, "Ndicho chenyewe, baba. Mungu akulipe." Wakaenda wawili kukiweka.

Jioni ile nilimuuliza Bi Somoe kwa nini alikipokea. Alicheka kwa mabega yake. "Zainabu wangu yuko peponi, hakosi cha kunywea. Huyu kijana ndiye alikuwa na kiu."

Nilistaafu si muda mrefu baada ya hapo. Waliniaga kwa khanga na maneno mengi mazuri. Watu huniuliza ni kitu gani nimeacha Kibiti, na najua wanataka niseme vizimba vipya na makaburi yaliyozungushiwa ua wa michongoma. Hivyo vipo. Lakini vizimba vitavunjika. Mie nimeona mtu akijifunza kuuliza kabla ya kuzoa, na hilo nimerithishwa na mzee wa Mtawanya aliyenivumilia na viatu vyangu vyeupe.

Bi Somoe ametutoka mwaka huu. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, lakini niliambiwa kuwa walipouliza nani ashuke kaburini kumpokea, Shomari alikuwa ameshashuka. Wakamlaza pembeni ya lile tuta fupi, kama alivyotaka. Siku ya arobaini nilimwambia Shomari habari ya mkono wa kikombe, maana sikuona haki nibaki nayo peke yangu. Akasema kikombe kibaki pale pale.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye usafi wao, maana nimestaafu mshahara tu. Alikuwepo mwalimu mgeni, msichana aliyeripoti shuleni juzi, anajitolea kwa mara ya kwanza. Alifika kwenye mikorosho akainama, akaokota chuma cheusi cha kuchomea vitumbua, kimeanza kushika kutu. Kiroba kilikuwa wazi mkononi mwake. Nilitaka kupiga kelele, ila akageuka mwenyewe.

"Kaka Shomari," akauliza, "na hiki?"

"Hicho cha mama," akasema Shomari. "Rudisha hapo hapo."